YAH: Waya wa umeme unaoungua ukutani, flati namba 7, Al Khuwair

Muscat, 10 Julai 2024

Kwa Meneja wa Matengenezo,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza hapo ofisini kwenu tangu siku niliyokuja kutia saini mkataba. Na nakuandikia barua kwa sababu ujumbe wa simu nimeshatuma mara nne, na jibu ni lile lile: inshallah kesho.

Mwezi wa Mei, joto lilipoanza kupanda, breka ya laini ya nyuma ikawa inaruka, yaani inakata umeme. Kiyoyozi cha chumba cha watoto, friji na mashine ya kufulia vyote vimefungwa kwenye laini hiyo moja, na breka yake ilikuwa ya ampea 20. Vikiwaka pamoja, inakata. Tarehe 22 mlileta fundi. Alikaa dakika kumi, hakufungua soketi hata moja. Akaing'oa breka ya 20, akatia ya 32, akaniambia, "Dada, haitaruka tena."

Kweli, haijaruka. Sasa kinachoungua ni waya.

Mimi si fundi, lakini marehemu baba alikuwa fundi umeme Unguja na nimekua nikimshikia tochi. Waya uliomo ukutani ni ule ule wa milimita za mraba 2.5. Kwa joto hili la Muscat, nyuzi 45 nje na ukuta umepigwa jua mchana kutwa, ampea 20 ndiyo mwisho wake. Breka kazi yake ni kuulinda waya, wala haikuwekwa kumnyamazisha mpangaji. Fundi wenu ameacha waya mwembamba na kuondoa kitu pekee kilichokuwa kikiulinda.

Wiki iliyopita nilisikia harufu ya plastiki. Nilizima meni swichi, nikavuta friji. Soketi ilikuwa ya kahawia kama mkate ulioungua, tundu moja limeyeyuka hadi plagi imenata. Nilipoifungua ndipo nilipoona jambo la pili, ambalo ni baya zaidi: waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaopeleka umeme unaovuja ardhini, umekatwa na kukunjwa nyuma, haujafungwa popote. Hapo nikaelewa kwa nini friji inatupiga shoti. Mwanangu wa miaka sita alikuwa akiifungua kwa kukunja kanga mkononi, na mbele ya friji tuliweka kandambili za kukanyagia. Kanga nilidhani ni mchezo wake, nikamkemea. Mtoto alikuwa na haki. Na kwenye boksi la breka hakuna ELCB, kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, kwa hiyo siku uvujaji ukizidi hakuna kitakachomwokoa mtu.

Tangu siku hiyo laini nzima nimeizima. Watoto wanalala sebuleni, nguo nafua kwa mkono, na samaki wangu wako kwenye friza ya jirani wa chini, mtu wa Kerala, aliyetupa droo moja kwa wema wake tu. Hundi zangu za mwaka mzima, rial 210 kwa mwezi, mnazo nyinyi, na ya tarehe mosi haijawahi kuchelewa kufika benki hata siku moja.

Naomba ndani ya siku saba mlete fundi mwenye leseni. Avute waya mpya wa kiyoyozi peke yake kutoka kwenye boksi, arudishe breka inayolingana na kila waya, afunge ethi kwenye soketi zote za flati (sina imani na hata moja sasa), na atie ELCB ya miliampea 30. Kisha nipewe karatasi ya vipimo yenye saini yake. Kodi ya siku ambazo chumba kimoja hakitumiki naomba tuikate kwenye hundi ya Agosti.

Mkataba wetu umesajiliwa Baladiya (manispaa) kwa mujibu wa Amri ya Kifalme namba 6/89. Siku saba zikipita kimya, nitakwenda huko nao, pamoja na picha za soketi na ile soketi yenyewe, ambayo nimeihifadhi kwenye mfuko.

Nyumbani napatikana baada ya saa tisa alasiri. Tafadhali msimtume yule yule.

Wenu,
Mpangaji, flati namba 7