Nitumie Kichwa Tu, Meza Inachongwa Huku

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Hamjambo na watoto? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana na anasema umeadimika. Presha yake imeshuka, ila mguu bado unavimba jioni, na akiona nauangalia anauficha ndani ya kanga kama mtoto aliyeiba sukari.

Nimeiona ile elfu hamsini. Simu iliita mlio wa meseji nikiwa nakanda unga, nikadhani ni wale jamaa zetu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kuangalia, jina ni lako. Hakuna maelezo, hakuna salamu. Hapo hapo nikajua Mama Salma kakusimulia kwamba mwalimu mzima anatembeza maandazi, na wewe umekaa kitandani kwako Tandika umelia. Ahsante, tena sana, lakini machozi yaweke. Nauza maandazi ndiyo, sijafa.

Na hiyo hela sijaila. Iko kwa fundi seremala wa Barabara ya Nane, nimempa ya kuanzia anichongee meza ya cherehani. Ndiyo sababu ya barua hii, maana jambo hili kwa simu lingenimalizia salio na bado usingenielewa. Nataka kichwa changu cha cherehani, Mwajuma. Kichwa tu, ile meza yake ya chuma waachie. Kipo Mbagala kwa wifi yake Mama Salma. Nitakwambia namna ya kukichomoa, maana yule wifi unamjua.

Lakini nianze mbali kidogo, usije ukadhani ni wazo la jana usiku.

Shule kule Dar ilipotusitishia mikataba walitupa barua na stahiki za kisheria: kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza, basi. Ukihesabu unaona ni hela. Ukilipa deni la kodi, nauli na dawa za mama, unaona ni bahasha. Nikaomba fao la upotevu wa ajira kule mfuko wa jamii, NSSF. Ukiwa umechangia angalau miezi kumi na minane, na hukuacha kazi kwa hiari yako, unalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Shida ni kwamba kuna miezi mwajiri wetu alikata kwenye mshahara na kwenye taarifa yangu ya michango haionekani. Sasa nafuatilia. Mhasibu wa shule akiona namba yangu hapokei, nikipiga kwa simu ya mama anapokea, akisikia sauti yangu mtandao unakata. Ikitoka, alhamdulillah. Isipotoka mapema, tunakula nini? Ndipo nilipoingia kwenye biashara ndogo ndogo.

Ya kwanza ilikuwa barafu. Mdogo wangu ana friza alilonunua enzi za genge lake, likakaa bure, akasema dada, weka ukwaju, weka ubuyu, watoto wa shule mbili wanapita hapa mlangoni, shilingi mia mia, utakuja kunishukuru. Kweli zilinunuliwa! Jua la Tanga unalijua. Ila mimi nikakaa na LUKU, mita ya umeme. Nyumba ya mama iko kundi la matumizi madogo, lile la D1: mpaka uniti 75 kwa mwezi unanunua kwa shilingi 100 kila uniti, kodi mbali, ukivuka hapo kila uniti ni 350. Mama peke yake na taa zake na redio yake havuki, hata akitaka. Friza linalogandisha barafu kwa joto hili na kufunguliwa kila dakika, wewe fikiria uniti linazokula kwa siku. Kufikia wiki ya tatu tumeshavuka, na kuanzia hapo barafu zote za asubuhi ni za TANESCO, mimi nabaki na za jioni, na za jioni nusu wanalamba watoto wa mdogo wangu. Nikamrudishia friza lake kwa heshima zote. Amenuna mpaka leo.

Tuisheni ilinilipa, siwezi kusema uongo. Watoto wa darasa la saba, hesabu na Kiingereza, barazani kwa mama, mia tano kwa siku kila mmoja. Wengine walilipa, wengine wazazi wao wana mashamba Muheza, basi nikalipwa machungwa. Ulishawahi kupokea mshahara wa machungwa? Nusu gunia! Nikayamenya nikamwekea kijana mmoja kwenye baiskeli, akatembeza mpaka stendi. Lakini mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Siku iliyofuata baraza lilikuwa jeupe, hakuna hata ndala. Wale wadogo wazazi wao wanasema bado mapema. Mpaka mwakani ndio watakumbuka kwamba mtoto hajui kugawanya.

Ndipo yakaja maandazi. Nakanda usiku, naamka saa kumi, saa kumi na mbili nimeshazunguka. Ya iliki na nazi, yale uliyokuwa unayamaliza kwangu. Yanapendwa. Hayabaki. Na bado hela haionekani! Kwa nini? Kwa sababu hapa ndipo nilipozaliwa. Shangazi anachukua kumi, "niandikie mwanangu". Jirani anachukua sita, "mwalimu, baba watoto akirudi". Imamu mstaafu huwezi kumwambia lete kwanza. Nina daftari, Mwajuma, limejaa ukoo wetu wote mpaka wa upande wa bibi. Ukimdai mtu, anakwenda kumsalimia mama, anakaa kitandani, anamwambia "mwanao Dar imembadilisha". Mama usiku ananiambia niache. Unga nimeununua kwa fedha taslimu, mafuta kwa fedha taslimu, mkaa ndio usiseme. Kukopa arusi, kulipa matanga, na mimi ndiye nimekalia matanga.

Halafu kuna lile lingine, na hili nakuambia wewe tu. Nilikutana na mwenzetu mmoja tuliyesoma naye Usagara, yule mrefu aliyekuwa anakaa na Asha, ana gari sasa. Akashusha kioo, akaniangalia na lile ndoo langu, akanunua maandazi ya elfu mbili akanipa elfu kumi, "chenji kaa nayo, pole sana dada". Pole ya nini? Nani kafa? Niliipokea, siwezi kukudanganya kwamba niliitupa, ilinunua dawa. Lakini nilikosa raha siku nzima. Andazi langu lilikuwa tamu na bei yake ilikuwa halali. Yeye kanunua huzuni. Kwa hiyo ya kwako ilipoingia nilishtuka kidogo, nisamehe kwa kusema. Wewe si kama yeye, najua. Lakini ukitaka kunisaidia, usinitumie hela nyingine. Nenda Mbagala.

Sasa sikiliza hesabu yangu, maana nimeifanya kwenye daftari lile lile, ukurasa wa nyuma.

Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilishaondolewa, lakini sare mzazi anatoa mfukoni, na kila mtoto wa darasa la kwanza anataka sketi au kaptula ya bluu na shati jeupe, na anayeingia kidato cha kwanza anataka rangi za shule aliyopangiwa. Mafundi wa huku kuanzia katikati ya Desemba wanapokea kazi wasizoweza kuzimaliza. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo kesho mpaka shule inafunguliwa. Mimi sitaki duka la sare, sina mtaji huo. Nataka kushona tu: mzazi anakuja na kitambaa chake, uzi na vifungo vyangu, analipa ufundi. Sare zikiisha kuna madera, na Tanga dera haliishi msimu.

Na sababu kubwa kuliko zote, ile iliyonifanya nicheke peke yangu usiku: andazi likishaliwa limeliwa. Utamfanya nini shangazi, utamkamua? Sketi inabaki kwangu, imening'inia ukutani, mpaka hela ifike. Shangazi yule yule atalipa, tena asubuhi, kwa sababu mjukuu wake hawezi kwenda shule na kanga. Sitamdai mtu. Ukuta utanidaia.

Usiniambie nikope ninunue kipya. Alishakuja dada mmoja na fomu, amevaa vizuri, anaongea taratibu, laki mbili mkononi leo, marejesho kila wiki, dhamana vyombo vya ndani. Kausha damu hao. Kwa jirani yetu wa nyuma wamebeba televisheni na kitanda, godoro wakaliacha chini, sijui walifikiri ni hisani. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yao, ndiyo yenye nafuu maana haina riba. Wanawake asilimia nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, si unaijua? Iliposimamishwa 2023 watu walikata tamaa, ikarudi 2024. Tumejiunga kikundi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika bila kukata kata, nimeshakuwa katibu. Naandika mihtasari ya bure. Lakini kikundi mpaka kisajiliwe, mpaka andiko la mradi lipite kata, mpaka wilaya... Desemba hainisubiri. Cherehani yangu ipo, nimeinunua kwa jasho langu, kwa nini nikope?

Kwa hiyo, namna ya kukichomoa. Yule wifi nilimwazima wakati ule anashona nguo za arusi ya mdogo wake, akasema wiki mbili. Kila nikimpigia, "nitaleta kwa Mama Salma". Arusi yenyewe ina mtoto sasa. Usiende kwa vita. Nenda Jumamosi asubuhi kabla hajatoka, nenda na Mama Salma, lakini Mama Salma asianze kuongea yeye, tafadhali, unajua akianza. Mwambie nimepata kazi ya sare, nakihitaji haraka. Akisema anakitumia, mwambie meza abaki nayo, ni zawadi, aweke hata televisheni juu. Nadhani hiyo itamlainisha. Ikishindikana kabisa... hapana, isishindikane, wewe hujawahi kushindwa na mtu kwa maneno.

Ukikipata, chomoa sindano kwanza. Kile kibweta cha bobini kitoe ukifunge pembeni kwenye kitambaa, kikipotea njiani kichwa chote ni chuma chakavu. Kizungushie kanga nzito ndiyo ukiweke kwenye boksi, uandike jina na namba yangu pande mbili. Peleka stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi lolote la Tanga, wakupe risiti. Risiti, Mwajuma! Usimpe konda mkononi eti kwa kuwa ana sura ya upole. Nauli ya mzigo nitalipia huku wakikubali. Wakikataa, lipa, uandike, nitakurudishia nikishona sketi za kwanza. Usiniambie niache. Nitakurudishia.

Na kama utapita Kariakoo kwa shughuli zako tu, si kwa ajili yangu, nichukulie sindano namba kumi na nne na kumi na sita, pakiti moja moja. Za huku zinakatika kwenye kitambaa kizito cha sketi.

Mama ananiuliza naandika nini muda wote huu, nimemwambia namwandikia Mwajuma. Kasema nikwambie Tanga ni waja leo waondoka leo, kwa hiyo uje hata siku moja. Nikamwambia mbona mimi nimekuja na siondoki? Kanyamaza. Hatujaongea kuhusu hilo, mimi na yeye. Nikipata kazi ya shule Dar Januari, nani atabaki na huu mguu? Na nisipoipata je, ndiyo nimeshakuwa fundi? Hata sijui kama itaniuma. Siku nyingine nikiipanga ile meza ya cherehani kichwani naona nimejipanga vizuri kuliko nilivyokuwa na ratiba ya vipindi.

Haya, na wewe? Mwenye nyumba kapandisha kodi kama alivyotishia? Kikoba chenu mmevunja au mweka hazina bado "anatafuta ufunguo"? Hamisi mguu wake umepona, anacheza tena? Ni kweli Mama Salma anaolewa au ni yeye mwenyewe kalitangaza ili aone atakayeshtuka? Bado unaamka usiku na kile kichwa kuuma, na ulikwenda kupima macho au unaendelea kunywa panado? Ile kazi ya pili ya jioni waliyokuambia pale dukani, umeikubali? Na hiyo elfu hamsini uliitoa wapi, mwenzangu, maana nakujua, tarehe ile hata wewe huwa huna?

Nijibu kwa sauti ukichoka kuandika, lakini usiniambie habari za Mbagala mpaka kichwa kiwe mkononi mwako.

Wako,
Mama Nasra