Kabla ya kuuliza rangi ya kigari, tuambie barabara ya kwenu ikoje

Mtu akiingia hapa dukani kwetu Kansanga, Kampala, kutafuta strola ya mtoto, mara nyingi anaanza na rangi, halafu anauliza kama ina pa kuweka chupa, halafu tunaingia kwa bei. Sisi tunamuuliza kitu kingine kwanza: nyabo (mama), unakaa wapi, na kutoka geti lako mpaka kwa lami kuna nini katikati? Hilo swali ndilo linaamua kama kigari cha magurudumu matatu kitakufaa ama utalipa pesa nyingi kwa kitu kitakachokaa kwa baraza kinapigwa vumbi.

Tuseme ukweli hata kama sisi ndio tunauza. Kama unakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na safari zako ni taksi (zile basi ndogo za abiria), kliniki, soko, kurudi nyumbani, basi endelea kumbeba mtoto mgongoni na kitenge, hiyo bado haijashindwa na kitu. Hivi vya magurudumu matatu vyenye tairi kubwa ni vizito, vingi viko kilo 10 mpaka 14 kabla hujaweka mtoto, na hata ukikikunja bado ni mzigo, konda atakutoza nafasi ya mtu ama atakataa kabisa. Mtu wa taksi ambaye lazima awe na strola tunamshauri achukue ile nyepesi inayojikunja kama mwavuli. Hiyo ilibuniwa mwaka 1965 na injinia wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshafanya kazi kwenye magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, na alichokuwa anatafuta ni kitu chepesi cha safari, unakunja, unabeba, unaondoka. Kwa sakafu ya duka kubwa na kwa lami iko sawa kabisa. Ipeleke kwa maramu, yaani barabara ya udongo na changarawe, siku mbili baada ya mvua uone, vigurudumu vile vidogo vinazama, jiwe dogo tu linavisimamisha na mtoto anaruka mbele.

Cha magurudumu matatu kilizaliwa kwa shida nyingine. Mwaka 1984 huko Yakima, jimbo la Washington, Marekani, mwandishi wa habari anaitwa Phil Baechler alitaka kukimbia mazoezi na mtoto wake na vigari vya wakati ule havikuwa vya kukimbia navyo, akachukua magurudumu ya baiskeli akatengeneza cha kwake, na kutoka hapo ikatoka kampuni ya Baby Jogger. Kwa hiyo ukiona gurudumu kubwa moja mbele na mawili nyuma, ujue hicho kitu kilifikiriwa kwa njia ndefu na njia mbaya. Na njia mbaya tunazo. Ukitoka tu Ggaba Road ukaingia ndani kuelekea Buziga ama Makindye kuna mahali lami inaisha ghafla, kuna mifereji ambayo maji ya mvua yamechimba katikati ya barabara, kuna kokoto, kuna vilima ambavyo hata boda inalia.

Kwa nini matatu na si manne? Ni kama mafiga, sufuria ikikaa kwa mawe matatu haitikisiki hata kama ardhi haiko sawa, ukiongeza jiwe la nne lazima kuna moja litakuwa halishiki. Kigari cha manne kwa ardhi yenye mabonde kila mara kuna gurudumu moja liko hewani, na fremu inajipinda, na wewe unapigana na mpini. Cha matatu kinashika chini muda wote. Lakini kuna gharama yake, na watu wanaouza hawasemi: mbele kuna pointi moja tu, kwa hiyo ukikata kona haraka huku unashuka, ama gurudumu la mbele likidondoka pembeni ya mtaro, kinaweza kuanguka ubavu. Na ukitundika kavera (mfuko wa plastiki) ya matoke na nyanya kwenye mpini, siku umemtoa mtoto kigari chote kinaanguka kinyumenyume, ama mbaya zaidi mtoto akiwa bado ndani. Mzigo unakaa kwenye kikapu cha chini, basi.

Sasa gurudumu la mbele, hapa tunaomba usome polepole. Kuna aina tatu. Kuna lililofungwa moja kwa moja, linaangalia mbele tu, ukitaka kukata kona unabonyeza mpini unainua mbele kidogo unageuza. Hilo ni la wakimbiaji, kwa mama wa kwenda sokoni linachosha mikono. Kuna linalozunguka tu halifungiki, zuri kwa ndani ya maduka lakini ukiongeza mwendo kwa njia ya mawe linaanza kutikisika kushoto kulia kushoto kulia mpaka mpini unatetemeka. Halafu kuna linalozunguka na unaweza kulifunga kwa kitufe, na hilo ndilo tunamshauri karibu kila mtu wa huku, kwa sababu unatembea nalo limefunguliwa kwa lami na ukifika kwa maramu unainama unalifunga, sekunde mbili. Ukija dukani usitazame tu hicho kitufe, kifunge na kifungue mwenyewe, na mkono mmoja, kwa sababu mwingine utakuwa umeshika kigari.

Na lile gurudumu likiwa la kutoa haraka, lenye kile kipini cha kuzungusha kama cha baiskeli, hakikisha unajua kulifunga. Hii si stori ya kutisha watu. Mwaka 2018 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilishtaki kampuni moja kubwa kwa ajili ya hilohilo gurudumu la mbele, lilikuwa linaweza kutoka kigari kikiwa kinatembea kama kipini hakikufungwa vizuri, na watoto na wazazi wakaumia. Tunapokupa kigari tunakuonyesha, halafu tunalitoa gurudumu tunakwambia wewe lirudishe. Kipini kinatakiwa kiwe kigumu mwishoni, kikuachie alama kwenye kiganja, na baadaye unainua mbele unalivuta gurudumu kama unataka kuling'oa. Likicheza hata kidogo, rudia.

Tairi. Za upepo zinalainisha njia kuliko zote, mtoto analala hata kwa kokoto, lakini zinatoboka, na miiba ya ua wa kei apple haina huruma. Zile ngumu za povu hazitoboki kamwe lakini mtikisiko wote unaenda kwa mtoto, labda kigari kiwe na springi nzuri nyuma. Sisi kwa mtu wa maramu bado tunasema upepo, mradi aangalie kitu kimoja kabla hajalipa: namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikiwa imeandikwa 12 1/2 x 2 1/4, hiyo ni saizi ya baiskeli ndogo ya watoto, tyubu yake unaipata kwa maduka ya spea za baiskeli bila kuagiza nje. Inchi 16 pia ni ya baiskeli za watoto. Ukikuta saizi ya ajabu ambayo fundi wa baiskeli wa steji yenu hajawahi kuiona, hicho kigari kitalala siku ya pancha ya kwanza. Angalia na valvu, nyingi ni kama za gari ama boda, pampu yoyote inaingia, lakini kwa rimu ndogo valvu ikiwa imenyooka inaweza kukosa nafasi katikati ya spoki, ndiyo maana kuna zile zilizopinda, na tyubu za hivyo tunaziweka.

Halafu tafadhali usijaze kwa mashine ya petrol station. Kile kitu kinajaza tairi za lori, tyubu yako ndogo inajaa kwa sekunde na inapasuka, na kama mtoto yuko karibu ni hatari kweli. Pampu ya mguu inatosha. Kiwango kimeandikwa palepale kwenye tairi, PSI ngapi (kipimo cha upepo), usizidishe, na usiache kigari kilichojazwa mpaka mwisho juani mchana mzima.

Breki ndizo zinatuumiza roho zaidi kwa sababu Kampala ni vilima. Oktoba 2009 huko Melbourne, Australia, kamera za kituo cha treni zilirekodi kigari cha magurudumu matatu kikiteleza chenyewe mpaka kikaanguka relini mbele ya treni inayoingia, mama alikuwa ameachia mpini kwa sekunde chache tu, na kwa neema ya Mungu mtoto alipona. Platifomu kwa macho ilionekana tambarare. Australia sheria yao inataka kila kigari kiwe na breki yenye kishikio chekundu ili uione kwa haraka na kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Sisi hapa, hata kama kigari kimekuja bila kamba hiyo, tunakushonea ya utepe mgumu bila malipo. Ivae. Kushuka kilima cha Muyenga bila kamba hapana.

Hapo nje ya duka kuna kimteremko cha zege. Tunaweka posho (unga wa mahindi) kilo 10 kwenye kiti, tunafunga mikanda, tunakanyaga breki, tunaachia mikono. Halafu tunakigeuza kiangalie upande mwingine tunafanya tena, kwa sababu kuna breki zinashika ukishuka na ukigeuza zinaruka meno. Halafu tunasikiliza, breki nzuri inaingia na mlio mmoja magurudumu yote mawili, ukisikia moja limeingia na lingine bado, kuna waya umelegea. Mteja anafanya mwenyewe, na viatu anavyovaa kila siku, maana kuna pedali zingine ukiwa na ndala zinakuumiza kidole na mwisho unaacha kuzitumia.

Mikanda iwe ya pointi tano, mabega mawili, kiuno mbili, katikati ya miguu moja. Ule wa katikati ndio watu wanaukata ama unapotea, na bila huo mtoto anateleza chini mpaka mikanda inamfika shingoni.

Mtoto mchanga ambaye hajakaa mwenyewe anahitaji kiti kinacholala chali, si kile kinachoegemea nusunusu, kichwa kikidondoka mbele pumzi inabana. Na kukimbia naye subiri, maelekezo ya kampuni nyingi yanasema angalau miezi 6, mengine 8, shingo iwe imekaza. Mwezi wa nne Kabaka Run, mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka wa Buganda, ikikaribia tunapata baba wengi wanaotaka kigari cha kukimbia nacho, karibuni sebo, lakini mfanye mazoezi asubuhi kwa njia tupu, pale kwenye umati wa watu maelfu mtoto yuko chini ya viwiko vya kila mtu na wewe huwezi kusimama ghafla.

Kuhusu jua kali: paa liwe refu, na usifunike kwa leso ama blanketi, ndani kunakuwa joto haraka kuliko unavyofikiria, hewa haipiti na wewe humuoni mtoto. Kikapu, kishikilia chupa, hayo tutaongea mwisho ukija dukani.

Kuhusu vile vya mivumba (mitumba) vinavyoshuka na kontena kutoka nje, hatuvipingi, vingine ni vizuri kuliko vipya vya bei rahisi. Ila angalia maungio kwanza. Kikunje na ukifungue mara kadhaa, lile komeo la kukishikilia liingie lenyewe, na mtoto asiwe karibu wakati unafanya, maana vidole vinaumia kwa hinji. Mwaka 2009 Marekani vilirudishwa vigari kama milioni moja vya kujikunja kwa sababu hiyo, ncha za vidole vya watoto zilikuwa zinakatwa. Kwaruza kutu na kucha, ikiwa ni ya juu tu sawa, ikibonyea acha. Plastiki iliyokaa juani miaka inakuwa nyeupe na inavunjika kama biskuti, bonyeza uone.

Umeshanunua kwingine na huna uhakika? Kilete tukikague, hata kama si cha kwetu. Tunaangalia breki, kipini cha mbele, beringi, mikanda na maungio, na tukiona hakifai tunakwambia hakifai. Na kama unataka kipya, njoo na mtoto na kama una gari njoo nalo, tujaribu kama kinaingia kwa buti, magurudumu ya nyuma ya hivi vigari ni mapana na kuna watu wamekwama nacho mlangoni kwao, kwa hiyo pima na mlango wa nyumba kabla hujatoka. Jumapili tumefunga. Siku zingine fundi yupo mpaka saa kumi na mbili jioni, pancha unasubiri hapohapo, beringi na waya za breki unakiacha unachukua kesho yake.