Waturudishie swichi kwenye magari

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili suala la magari ya siku hizi linanikera sana. Unafungua mlango wa gari jipya unakuta dashibodi tupu, kuna skrini kubwa tu, eisii humo, redio humo, na kuna gari hata spidi ya waipa unaitafuta humo humo. Watu wanasema ni maendeleo. Mimi naona ni hesabu ya pesa, maana kila swichi inataka moldi yake, waya zake na mtu wa kuifunga kiwandani, ila skrini moja inaingia kwenye modeli kibao, usukani uwe kulia au kushoto, na programu wanaimalizia hata gari likishauzwa. Halafu Marekani tangu 2018 kila gari dogo jipya lazima liwe na kamera ya nyuma, yani skrini itakuwepo tu, basi wakahamishia kila kitu huko.

Anayeumia ni dereva. Swichi unaipapasa macho yakiwa barabarani, skrini lazima uitazame. Jarida la Vi Bilägare la Sweden lilipima hilo 2022, kazi nne za kawaida tu gari likiwa spidi 110, Volvo ya 2005 yenye vitufe ilichukua sekunde 10, MG Marvel R ya skrini karibu 45, hapo gari limeshatembea zaidi ya kilomita moja!! Sasa fikiria ni usiku unaelekea Manyoni, lori limeharibika mbele halina hata taa, na wewe uko kwenye menyu unatafuta feni.

Ulaya wameshtuka, Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari mapya, kuanzia 2026 wanapunguzia alama gari lisilo na swichi zake za indiketa, hazadi, honi na waipa. Volkswagen nao wamesema wanarudisha vitufe.

Ila sisi huku tunanunua mtumba, kinachouzwa Japani leo ndo tutaendesha miaka kumi ijayo. Swichi ya feni ikifa fundi hapa Dodoma anachomoa nyingine kwenye gari bovu, jioni unaondoka. Skrini ikizima na vumbi hili na jua hili, menyu zenyewe Kijapani, utampelekea nani? Naomba TBS, shirika letu la viwango linalosimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika, waweke sharti mapema, waipa, hazadi, honi na feni ya kutoa ukungu kwenye kioo ziwe na swichi zake.

Dereva, Nkuhungu, Dodoma