Barua kwa Salim kuhusu kukuza matumbawe nyumbani

Berlin, 9 Februari

Ndugu yangu Salim,

Assalamu alaykum. Natumai nyote huko Hamburg hamjambo. Nasi hapa tu wazima. Nimefurahi kusikia kwamba tangi lako limekwisha kujaa maji, lakini kwa kuwa wakusudia kununua matumbawe magumu wiki ijayo, nimeona heri nikuandikie kabla hujatoa fedha.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno unaotumia mwanga kumtengenezea chakula, na mifupa yake huijenga kwa kalsiamu na kaboneti anazozinyonya majini, kwa hiyo kadiri anavyokua ndivyo maji yanavyopungukiwa, hata kama wewe hukubadilisha kitu. Joto la nyuzi 25, kalsiamu miligramu 420 kwa lita na ualkali (yaani kiasi cha kaboneti majini) kati ya digrii 7 na 9 za Kijerumani ni vipimo vizuri. Ila kwa maoni yangu ualkali wa 7 usioyumba ni bora kuliko ule unaofika 9 leo na kushuka kesho.

Anza na matumbawe laini, uyaache mawe yaote mwani wa waridi, na Acropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, zisubiri mpaka vipimo vyako vitulie. (Muuza duka hatakuambia hivyo, wala simlaumu.) Galaxea, aina nyingine ya tumbawe gumu, iweke mbali na wenzake, maana usiku hunyoosha minyiri mirefu inayowaunguza majirani.

Hapa Berlin, tangu miaka ya 1980, mfugaji wa matumbawe Dietrich Stüber alikuza Acropora akawa anaikata vipande na kuwagawia wenzake, nao wakawagawia wengine, hata uzao wa tumbawe lile ukaenea katika matangi mengi ya Ulaya. Nawe ukipata tumbawe zuri likakua, mpe mwenzako tawi: umeme ukikatika usiku pampu zikasimama, lako likafa, utaliomba kwake. Tena kipande kilichozaliwa tangini hakikuvunjwa mwambani, jambo ambalo sisi tuliokulia pwani hatuna budi kulijali.

Andika vipimo vyako daftarini kila wiki. Nitakapokuja wakati wa kiangazi tutavipitia pamoja, na nikiona vimetulia nitakukatia tawi la Acropora yangu ya kijani, ulitunze mpaka mwakani uweze kulikata nawe.

Nisalimie mama watoto.

Wako,
Hamadi