Mzee wa baiskeli, asante sana
Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja, jina sikumuuliza na ndo inaniuma mpaka leo. Jumamosi nilikuwa uani kwangu hapa Nkuhungu nahangaika kupasua gogo la mwarobaini kwa bendsoo, ule msumeno wa mashine wenye mkanda wa meno unaozunguka, mashine inalia, moshi unatoka, ubao unatoka umepinda kama ndizi, mara gogo likabingirika nusura niache vidole pale. Yeye alikuwa anapita zake na baiskeli, akasikia ule mlio akapiga hodi, "kijana, zima kwanza." Akauangalia mkanda akacheka, kumbe nimefunga wa meno madogo madogo, na mti mbichi ule unga wake unajaa unakosa pa kutokea. Tukaweka wa meno matatu kwa inchi, akaukaza, halafu gogo akalifunga skrubu kwenye kipande cha plaiwudi lisizunguke. Aisee, likapita kama kisu kwenye papai!

Nimepata mbao 7, ncha tumezipaka rangi zisipasuke na hili jua la Dodoma, zipo kivulini na vijiti katikati. Soda alikataa, akanywa maji akaondoka. Mzee wangu shikamoo, pita tena, kuna kigoda chako hapa.