Eda inakaribia kuisha, wifi anataka ukili wangu wa mikeka uwe biashara. Naombeni ushauri

Assalaam alaykum na habari zenu wapendwa. Mie ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, ila kwetu ni Rufiji upande wa Ikwiriri. Naandika nikiwa bado ndani ya eda. Mume wangu alifariki ghafla, ilikuwa presha, asubuhi katoka vizuri kaenda kazini jioni tunapigiwa simu, na mengine naomba nisiyaeleze maana nikianza simalizi.

Nianze na hali niliyokuwa nayo ili mnielewe ninachoomba. Watu wanadhani mwanamke akikaa eda anapumzika, jamani hakuna kupumzika pale. Miezi minne na siku kumi uko ndani, hutoki bila dharura, shughuli zako zote ulizozoea zimesimama, na wageni hawaishi. Wanakuja kwa nia njema kabisa Mungu awalipe, lakini kila anayekuja anauliza ilikuwaje, na wewe unaanza tena mwanzo, simu iliingia saa ngapi nani alipokea tulimkuta wapi. Usiku sasa ndo balaa, watoto wamelala, mie macho makavu nasikiliza kila pikipiki inayopita kwa sababu alikuwa anarudi na bodaboda. Chakula hakipiti. Nilikonda mpaka mama mkwe akaanza kunilisha kwa mkono kama mtoto.

Mama yangu alikuwa kaja kwenye msiba akarudi kidogo kuangalia shamba, aliporudi tena mjini akaja na mzigo wa ukindu, ulishushwa Rangi Tatu kwenye basi. Yeye mikeka ndo kazi yake tangu yuko msichana. Hata mafuriko yale ya Aprili 2024 yalivyobeba mashamba kule kwetu, mikeka ndo ilimvusha. Hakuniambia suka, wala hakunipa maneno yoyote, alikaa tu chini akaanza kuchana ukindu, na kwa kuwa nilijua toka utotoni mkono ukaenda wenyewe.

Kwa wasiojua, ukindu ni majani machanga ya mkindu, yanakatwa yanaanikwa mpaka yanakuwa meupe, yale ya rangi yanachemshwa na rangi ya unga halafu yanaanikwa tena. Unachana chane nyembamba, unazilowesha kidogo maana zikiwa kavu zinakatika na zinakata vidole, mie naweka kitambaa kibichi pajani. Halafu ndo unasuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa kushonea mkeka, juu ya mbili chini ya mbili, juu ya mbili chini ya mbili, chane ikikaribia kuisha unachomeka nyingine hapohapo na ukivuta vizuri mtu haoni pa kuungia. Ukili unarefuka tu unauviringisha pembeni. Ukitosha ndo unashona, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka unatanuka.

Sasa nieleze kilichonitokea. Sio kwamba nasahau. Nikisuka namuwaza vilevile, pengine hata zaidi, ila namuwaza bila kifua kubana. Naweza kukumbuka alivyokuwa anacheka na nisivunjike. Sababu hasa siijui ila nadhani ni kwamba vidole vina hesabu yao, ukiruka moja ukili unapinda na unaona palepale, kwa hiyo akili haipati nafasi ya kukimbia mbali ikarudi na mambo ya kutisha. Na usingizi ulirudi. Kwanza nikaanza kusinzia nimeshika chane mkononi, baadaye nikawa nalala mpaka adhana ya alfajiri.

Na wageni nao wakabadilika, hili ndo lilinigusa sana. Wanawake wa mtaani wengi ni wa pwani, Wandengereko, Wazaramo, Wamatumbi, na wengi waliacha ukili siku nyingi. Akija mmoja akinikuta nasuka anakaa pale mkekani, dakika mbili tatu anavuta chane anaanza kunichania, mwingine anaokota mwanzo wake na yeye, na tunajikuta hatuzungumzii tena simu iliingia saa ngapi. Bibi mmoja jirani ambaye tunasalimiana tu miaka yote akaanza kusimulia eda yake mwenyewe, alifiwa akiwa na mimba, kwa hiyo eda yake iliisha alipojifungua, na huku anasimulia anasuka, hajainua macho hata kidogo. Nililia siku ile lakini kilio cha nafuu.

Kulikuwa na maneno mwanzoni kuhusu rangi. Wifi yangu mkubwa alisema kusuka ukili wa damu ya mzee na kijani ndani ya eda ni mapambo. Nikamuuliza ustadhi anayetufundisha akasema lililokatazwa ni mimi mwenyewe kujipamba, manukato, wanja, hina, nguo za urembo, kazi ya mkono haina ubaya. Likaisha hilo na wifi akakubali, sina kinyongo.

Tatizo liko huku. Wifi huyohuyo, na kiukweli ni mtu wangu wa karibu, ndo anayenishikia meza yangu ya vitenge sokoni tangu msiba, alipiga picha mkeka wa kwanza niliomaliza akaurusha status. Watu wakaupenda. Zikaanza kuja oda. Anasema wifi riziki hii, eda ikiisha usirudi kwenye vitenge peke yake, tuunganishe, mie natafuta wateja wewe unasuka, mikeka ya harusi, mikeka ya kupigia picha, hata misala. Na hesabu zake sio za uongo. Kodi inakaribia, mkubwa anaingia sekondari Januari, aliyekuwa anazibeba hizo hayupo.

Nikajaribu oda moja, wa harusi, rangi wachague wao na tarehe wapange wao. Jamani ile siku ya kwanza tu nilijua. Nasuka huku naangalia kalenda. Nasuka huku nahesabu ukindu umeniingia shilingi ngapi. Mkono ukawa unavuta kwa nguvu mpaka ukili unajikunja, nikafumua nikaanza upya, usiku viganja vinawaka, na usingizi ukaondoka tena uleule wa wiki za mwanzo. Mteja aliupokea kafurahi kweli, pesa kalipa yote, hana kosa lolote. Ila mie nilikaa siku kadhaa sikushika chane, na mama ndo akaniambia umebadilika uso.

Nikamuuliza mama nifanyeje. Akaniambia mwanangu mimi sijawahi kusuka bila kufikiria bei, mimi usiniulize. Alisema hivyo kwa huruma lakini hapo nikakwama zaidi, kwa sababu naona kama nadai kitu ambacho yeye maisha yake yote hakukipata. Ye alisuka kwa njaa, kasomeshea watoto ukili, halafu mie binti yake niseme nataka kusuka kwa ajili ya moyo wangu tu?

Upande mwingine naogopa kweli. Siku eda ikiisha wageni watakwisha, mama atarudi Ikwiriri, mama mkwe atarudi kwake, nyumba itabaki mimi na watoto. Nikiuza na hiki kidogo kinachonilaza usingizi, usiku ule wa kwanza peke yangu nitashika nini? Sala naswali, Qur'ani nasoma, Alhamdulillah, naongelea ile saa ambayo umeshaswali umeshalia na alfajiri bado iko mbali.

Kwa hiyo naombeni ushauri, hasa nyie mnaofanya kazi za mikono, wa kofia, wa vikapu, wa hina, wa cherehani. Inawezekana kazi moja ikawa ya tumbo na ikawa ya moyo? Kama mmeweza mlifanyaje, mlitenga saa, mlitenga rangi, au mlikubali oda chache tu zisizo na tarehe? Nimefikiria kuuza ile ninayomaliza kwa mwendo wangu tu, anayeupenda anachukua, ila wifi anasema biashara haiendi hivyo na mteja hasubiri. Nimefikiria pia nirudi kwenye vitenge niongeze bidhaa, kodi itoke huko, ukili ubaki kwangu. Sijui kama nawaza kama mtu mzima au nawaza kama mtu mwenye msiba.

Na waliokwisha kaa eda naomba mniambie, hii hali ya kushikilia kitu kimoja hivi inapungua yenyewe baada ya muda? Pengine baada ya mwaka nitasuka kwa oda bila shida na nitakuwa nimefunga mlango wa riziki bure.

La mwisho ni wifi. Namwambiaje bila kumvunja moyo? Yule ameacha shughuli zake ananiuzia vitenge vyangu kila siku na hela ananiletea mpaka senti ya mwisho. Nikimwambia sitaki oda ataona nadharau jitihada zake, na mie yule simpotezi kwa ajili ya mkeka. Kuna mwingine tayari anataka mikeka miwili ya harusi ya binti yake, wifi kamwambia nitajibu kabla ya Ijumaa.

Mama wawili, Mbagala