Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hii mambo ya pua kwa pua

Asalaam aleikum wanachama wa klabu yetu ya War Thunder, ule mchezo wa kompyuta wa vita vya ndege. Hesabu za pesa atawasomea mweka hazina, mimi ntasema tu intaneti imelipwa na ile joistiki (mkono wa kuongozea ndege) ilokua imekwama fundi wa Maweni kaitengeneza, inavuta kushoto kidogo lakini inaruka.

Sasa kile kitu kilotugombanisha mwaka mzima, pua kwa pua, yaani ndege mbili kujiana uso kwa uso huku zinafyatuliana, manake hata Ramadhani baada ya tarawehe watu walikua wanarushiana maneno pale barazani. Vijana wa Shella wanasema War Thunder ni vita, ndege ikikujia mbele ya bunduki unapiga, adabu ya nini. Mi naona huo si ufundi ni bahati nasibu, hebu pigeni hesabu, kila mmoja yuko kilomita 500 kwa saa, mnakaribiana kwa 1000, kilomita ya mwisho inaisha kwa sekunde 3 na nusu hivi, utalenga saa ngapi? Mnaungua nyote na bando imeenda.

Alafu ndege hazilingani. Mwenye P-47, ile ndege ya kivita ya Wamarekani, ana bunduki nane na injini ya kupozwa na hewa, huyo atapenda pua kwa pua kila siku. Wa Spitfire ya Waingereza, ambayo injini yake inapozwa na maji, akitobolewa tu rejeta hata akishinda injini inamfia njiani, na wa Zero, ile ndege nyepesi ya Wajapani, ndo asijaribu kabisa. Najua mtanambia marubani wa kweli walifanya, sawa, Wajerumani mwishoni mwa 1942 walianza kuzivamia B-17, ndege za mabomu za Wamarekani, kutoka mbele kwa vile huko bunduki zilikua chache, mpaka Wamarekani wakaongeza zingine chini ya pua kwenye toleo la B-17G. Lakini ile ni ndege ya mabomu jamani, si mwenzako mlokaa nae meza moja.

Kamati imeamua hivi: mechi zetu za mmoja kwa mmoja mnapishana kwanza bila kufyatua, kila mtu ashike kulia kwake, mkishapishana ndo vita. Kulia, sio kushoto kama tuktuk za Lamu Road, hata marubani wa abiria wakikutana uso kwa uso sheria yao ni kulia. Kwa seva za watu wote, kule mnakocheza na wageni mtandaoni, hakuna alosaini kitu, usiyetaka kupigwa inamisha pua mapema upite chini yake kisha umgeukie, ila ukimpiga mtu pua kwa pua usiende kuandika kwa chati ukijisifu.

Anaepinga aseme saa hii kabla hatujachagua katibu, manake aliepo anahamia Mombasa.